Maji ya ndoo alfajiri: kisa cha mzio wa baridi kwa dereva wa bodaboda

Mgonjwa wa kisa hiki ni kijana wa miaka 24, dereva wa bodaboda Njombe mjini. Ni kisa cha mfano, kimepangwa kufuata mwenendo unaojulikana wa ugonjwa huu, na hakuna mtu fulani aliyefichwa nyuma yake. Njombe imechaguliwa kwa makusudi. Mji unakaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti alfajiri yake ni ya kuuma mifupa. Dereva anayewahi abiria wa mabasi ya saa kumi na mbili anakutana na baridi hiyo kifua mbele, kila siku.

Mabaka yanayotokea jikoni

Mwishoni mwa Mei alianza kuwashwa vidole, hasa kwenye vifundo, kisha juu ya mapaja, mashavu na kingo za masikio. Palipowasha palivimba: mabaka ya kunyanyuka, mengine madogo kama ya kung'atwa na mbu, mengine yameungana yakawa mapana kama kiganja. Ndani ya saa moja yalikuwa yamekwisha, ngozi imerudi laini kana kwamba hakukuwa na kitu. Mwenzake mmoja kijiweni alipoyaona alisema, "Kaka, wewe umeshika washawasha," na kwa sura tu hakukosea, maana ndivyo yanavyofanana.

Jambo lililompoteza ni wakati wa kutokea. Akiwa barabarani mikono ilikuwa imekufa ganzi tu. Mabaka yalimjia akishaegesha pikipiki na kunyoosha vidole juu ya jiko la mkaa la mama anayeuza chai. Kwa hiyo akaamini moshi wa mkaa ndio unaomdhuru, akaanza kukaa mbali na jiko. Ni kosa linaloeleweka kabisa, na wengi hulifanya. Baridi hubana mishipa midogo ya damu ya ngozi. Ngozi inapopata joto mishipa hufunguka, damu hurudi, na hapo ndipo uvimbe na muwasho hujitokeza wazi. Moto haukuanzisha kitu. Ulionyesha kilichokwisha kuanzishwa na upepo nusu saa nyuma.

Duka la dawa muhimu walimpa piritoni, kidonge cha miligramu 4 mara tatu kwa siku, na tyubu ya krimu ya betamethasoni. Piritoni ilipunguza muwasho lakini ikamletea usingizi, na usingizi juu ya pikipiki ni ajali inayosubiri kona. Krimu haikusaidia chochote, wala isingeweza: krimu za aina hiyo hufanya kazi polepole kwenye ngozi iliyowaka kwa siku nyingi, wakati baka la namna hii huja na kuondoka kabla krimu haijakauka. Akiendelea kuipaka usoni miezi na miezi, atakachopata ni ngozi nyembamba yenye mabaka meupe.

Dalili mbili nyingine zilikuwepo, na hakuna aliyeziuliza. Harusini aliwahi kunywa soda iliyotoka kwenye barafu, mdomo wa juu ukavimba upande mmoja. Na siku aliyobeba mfuko wa samaki wa barafu mapajani, suruali ilipolowa, paja lilivimba kwa umbo lilelile la mfuko. Kwa mtu anayeujua ugonjwa huu, mfuko ule ulikuwa umekwisha kumpima.

Jumapili ya ndoo

Wiki ya kwanza ya Julai alitaka kuoga kabla ya ibada. Mkaa ulikuwa umekwisha, akachukua ndoo ya lita 20 iliyolala nje usiku kucha, akajimwagia kuanzia kichwani. Dakika tano hazikupita. Viganja na nyayo vilimwaka, mwili mzima ukawasha, masikio yakavuma, tumbo likamsokota, akaanguka mlangoni pa bafu.

Majirani walifanya linalofanywa karibu kila mahali mtu anapozimia: walimmwagia maji azinduke. Maji yaleyale ya baridi. Mama mwenye nyumba alipofika alipiga kelele, "Mwacheni, hamuoni anatetemeka? Leteni blanketi!" Huenda maneno hayo yalimwokoa. Kisha wakamkalisha katikati ya watu wawili kwenye pikipiki, mwili umelowa, wakampeleka kituo cha afya.

Tusimame hapa kwanza, kwa sababu makosa mawili yaliyofanywa kwa nia njema yanaweza kuua. Presha ya mtu huyu ilikuwa imeshuka kwa sababu mishipa yake yote ilikuwa imelegea na maji ya damu yanavuja kuingia kwenye nyama. Kumwongezea maji baridi ni kumwongezea kilekile kilichomwangusha. Na kumkalisha wima mtu ambaye presha yake imeshuka ni kuunyima moyo damu ya kusukuma. Wapo waliokufa kwa mshtuko wa mzio wa namna hii, yaani mzio wa mwili mzima unaoshusha presha, dakika chache tu baada ya kuinuliwa ghafla kukaa au kusimama. Alipaswa kukaushwa, kuvuliwa nguo mbichi, kufunikwa, kulazwa chali miguu ikiwa juu, na kusafirishwa amelala. Anayetapika alazwe ubavu. Anayehangaika kupumua ndiye pekee anayeruhusiwa kukaa, na hata yeye miguu ibaki imenyooshwa mbele.

Kituoni presha ilikuwa 80 kwa 50, mapigo 128 kwa dakika, midomo na kope zimevimba, mapafu yanapiga filimbi kidogo. Muuguzi alimuuliza, "Kaka, umekula nini leo?"

"Sijala kitu, dada. Nimeoga tu."

Utambuzi wote umo ndani ya jibu hilo. Mshtuko wa mzio kwa mtu ambaye hajala, hajanywa dawa, hajaumwa na nyuki, na ametoka tu kujimwagia maji baridi, una maelezo machache sana.

Matibabu yalikuwa sahihi. Adrenalini ya miligramu 1 kwa mililita 1, akachomwa nusu mililita, yaani miligramu 0.5, kwenye msuli wa paja upande wa nje, katikati. Si chini ya ngozi, maana huko hufyonzwa taratibu, na si kwenye mshipa, maana huko kipimo hicho ni hatari kwa moyo. Baada ya dakika 5 presha haikupanda vya kutosha, akarudiwa kipimo kilekile. Haidrokotisoni na sindano ya mzio zinaweza kufuata baadaye; kuzitanguliza mbele ya adrenalini ni kupoteza dakika ambazo mgonjwa hana.

Dripu nayo ina habari yake. Chupa iliyokaa stoo ya Njombe mwezi wa Julai inaweza kuwa na nyuzi 14, na kumwingizia mgonjwa huyu maji hayo mshipani ni kumrudishia ile ndoo kwa njia nyingine. Maji ya dripu yapashwe moto hadi karibu nyuzi 37. Kama hakuna mashine, chupa iliyofungwa huzamishwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, hutikiswa, na hujaribiwa kwenye ngozi ya mtoa huduma kabla ya kufunguliwa. Isichemshwe. Mgonjwa mwenyewe apashwe taratibu kwa blanketi. Asikalishwe karibu na moto mkali wala kuogeshwa maji ya moto, kwa sababu joto la ghafla hulegeza mishipa zaidi na presha hushuka tena.

Alilazwa hadi asubuhi. Mshtuko wa mzio unaweza kurudi saa kadhaa baadaye hata kama mgonjwa ameshaanza kucheka na wageni.

Ni nini hasa kinachotokea

Ugonjwa huu huitwa utikaria ya baridi. Watu husema aleji ya baridi, na jina hilo halina ubaya ilimradi lisitupeleke kutafuta chakula cha kulaumu. Ndani ya ngozi, kando ya mishipa midogo ya damu, kuna seli zinazoitwa seli masti, zilizojaa vifuko vya histamini. Kwa mtu wa kawaida baridi haizigusi. Kwa mgonjwa huyu, kupoa kwa ngozi kunazifanya zipasue vifuko hivyo. Histamini hufungua mishipa, maji huvuja, ngozi hunyanyuka, neva huwasha. Kwa wengi sababu ya seli hizo kuwa nyepesi kiasi hicho haipatikani. Ugonjwa huanza zaidi ujanani, kwa mtu ambaye miaka yote ameoga maji baridi bila shida. Ndiyo maana hoja ya "mbona nimezaliwa hukuhuku" haina uzito.

Kwa hiyo kuacha mayai, nyanya, samaki au dagaa hakusaidii kitu. Anayemkataza mgonjwa huyu vyakula anamnyima lishe bure.

Jambo la kushika ni hili: hatari haipimwi kwa ukali wa muwasho, inapimwa kwa ukubwa wa ngozi iliyopoa kwa wakati mmoja na kasi ya kupoa kwake. Vidole vilivyoganda vina seli masti chache. Hata zote zikimwaga histamini yake, mtu anajikuna tu. Mwili mzima ukipoa kwa mkupuo, histamini ya ngozi yote inaingia kwenye damu kwa pamoja. Maji huondoa joto mwilini takribani mara 25 kuliko hewa yenye nyuzi zilezile. Ndiyo sababu kijana huyu aliweza kuendesha pikipiki mwezi mzima kwenye baridi kali akaishia kujikuna, halafu ndoo moja ikamwangusha. Kuogelea ndicho chanzo kinachoongoza cha mishtuko mikali ya ugonjwa huu, na huko mtu anaweza kuzimia kimya ndani ya maji, watu wakadhani alishindwa kuogelea.

Kipimo cha barafu

Kipimo kikuu hakihitaji mashine. Kinahitaji barafu, saa, na mtu anayejua kusubiri. Kwa mgonjwa ambaye ameshawahi kuanguka, kifanyike kituoni, adrenalini ikiwa imeshavutwa au iko mezani, si nyumbani.

Kabla ya kipimo mgonjwa aache dawa za mzio angalau siku 3, na piritoni ni mojawapo, hata kama mwenyewe haiiti dawa ya mzio bali "ya mafua". Kama amekuwa akimeza predinisoloni, dawa ya steroidi, asubiri wiki moja au zaidi, na asiiache ghafla bila kumwambia daktari. Kisha chukua kipande cha barafu cha kawaida cha friji, kitie kwenye mfuko mwembamba wa plastiki pamoja na maji kidogo, ukiweke upande wa ndani wa mkono, kati ya kiwiko na kifundo. Maji yale yana kazi: barafu inayoyeyuka hubaki kwenye nyuzi 0, lakini barafu isiyo na maji iliyotoka sasa hivi kwenye friza inaweza kuwa chini ya nyuzi 15 za hasi na ikaichoma ngozi. Acha dakika 5. Ondoa, futa, subiri dakika 10. Ndipo usome.

Hapo kwenye kusubiri ndipo wengi huharibu. Wanatoa barafu, wanaangalia papo hapo, wanaona ngozi imepauka na kulowa, wanaandika "hana". Kama jiko la mama wa chai lilivyotufundisha, baka huja ngozi ikipata joto. Kosa la pili ni kufunga barafu kwa taulo, baridi isifike. La tatu ni kutafuta wekundu. Barafu humfanya kila mtu awe mwekundu kidogo. Tunachotafuta ni uvimbe ulionyanyuka na unaowasha, mara nyingi wenye umbo la kipande chenyewe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri hata ukiwepo, kwa hiyo mwangalie mkono kwa pembeni, tochi ya simu ikimulika kwa ubavu ili baka litupe kivuli, kisha pitisha ncha ya kidole taratibu kutoka ngozi nzima kuelekea palipowekwa barafu. Kidole huhisi ukingo kabla ya jicho kuuona.

Kijana wetu alipata baka la pande nne, gumu kidogo, lenye vitundu kama ganda la chungwa. Kipimo kikarudiwa sehemu nyingine za mkono kwa muda mfupi zaidi: dakika 4, 3, 2, 1. Dakika 2 zilitosha kuleta baka, dakika 1 haikutosha. Namba hiyo iandikwe kwenye faili kwa kalamu nzito. Mtu anayevimba kwa dakika 3 au pungufu yuko kwenye kundi lenye uwezekano mkubwa zaidi wa mshtuko wa mwili mzima, na namba hiyohiyo ndiyo itakayotumika baadaye kupima kama dawa inafanya kazi.

Kipimo kikikosa kuonyesha kitu, ugonjwa haujafutwa. Wapo wanaovimba tu mwili mzima unapopoa au upepo unapopiga, na barafu ndogo mkononi haiwafikii.

Magonjwa mengine ya kufikiria yalitengwa kwa maswali zaidi kuliko kwa maabara. Vidole vinavyouma na kuwa vya zambarau kwa siku kadhaa baada ya baridi ni jambo lingine. Baka la utikaria ya baridi kwa kawaida halimalizi saa moja au mbili. Vidole vinavyogeuka vyeupe kabisa kisha bluu ni mishipa iliyobana kupita kiasi. Vipele vidogo vidogo kama punje za mtama vinavyokuja mtu akitoka jasho au akioga maji ya moto ni utikaria ya joto la mwili, na hiyo ndiyo inayochanganywa zaidi na hii, kwa sababu zote mbili mtu husema "nikioga nawashwa". Swali moja huzitenganisha: maji ya moto au ya baridi? Na kama ndugu kadhaa wa damu moja hupata vipele, homa na maumivu ya viungo saa kadhaa baada ya kupigwa na baridi, huku barafu haionyeshi kitu, huo ni ugonjwa wa kurithi na njia yake ni tofauti.

Maabara alipimwa picha kamili ya damu, virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Vyote vilikuwa sawa. Hakuna haja ya kumtoza kijana mwenye historia safi orodha ndefu zaidi ya hiyo. Kuna wachache ambao utikaria ya baridi ni kivuli cha ugonjwa mwingine, na wanajitambulisha: mabaka yanayokaa zaidi ya saa 24 na kuacha alama kama za jeraha la ndani, madoa ya zambarau miguuni, vidonda, viungo kuuma, kupungua uzito. Hao watafutiwe krayoglobulini, protini za damu zinazoganda kwenye baridi. Kipimo hicho kina mtego wake: damu lazima ibaki kwenye nyuzi 37 tangu inapotoka mkononi hadi majimaji yake yatenganishwe. Ikisafirishwa kwenye kiboksi cha barafu pamoja na sampuli nyingine, protini hizo huganda na kutupwa pamoja na chembe za damu, na majibu yanarudi "hakuna".

Dawa: kila siku, si siku ya kuwashwa

Piritoni ilisimamishwa. Badala yake alianzishiwa setirizini miligramu 10, mara moja kila jioni. Alielezwa kwamba dawa hii inafunga mlango kabla histamini haijafika. Akiimeza baada ya kuvimba, amechelewa. Hivyo anywe kila siku ya msimu wa baridi, awe anawashwa au hawashwi.

Baada ya wiki mbili alikuwa na nafuu ya nusu tu. Hapa ndipo wagonjwa wengi huambiwa dawa "haimfai", wakabadilishiwa, wakarudishiwa piritoni, au wakapewa predinisoloni. Mwongozo wa kimataifa wa utikaria unasema vinginevyo: kwa antihistamini za kizazi cha pili, yaani dawa mpya za mzio kama setirizini, daktari anaweza kupandisha kipimo hatua kwa hatua hadi mara nne ya kile cha kawaida. Kwa setirizini ina maana miligramu 40 kwa siku. Ni uamuzi wa daktari, si wa mgonjwa dukani, na mwenye ugonjwa wa figo hapandishwi hivyo. Kijana alipandishwa hadi miligramu 10 asubuhi na 10 jioni. Muwasho ukatulia, lakini asubuhi alihisi kichwa kizito. Setirizini huleta usingizi kwa baadhi ya watu, na kwa dereva hilo haliwezi kupuuzwa. Akabadilishiwa feksofenadini miligramu 180 asubuhi na jioni, ambayo ni nyepesi zaidi kwa usingizi. Aimeze kwa maji. Juisi ya chungwa au ya tufaha hupunguza dawa inayofyonzwa.

Ingekuwa hata kipimo cha mara nne kimeshindwa, hatua inayofuata ni omalizumabi, sindano ya miligramu 300 kila wiki 4, kwa daktari bingwa. Bei yake haishikiki kwa watu wengi wa huku, na hiyo ni sababu nyingine ya kutokata tamaa mapema na vidonge. Predinisoloni ya muda mrefu haina nafasi: hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa, na ugonjwa hurudi siku inapoachwa.

Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinaweza kuchochea mabaka kwa baadhi ya wagonjwa, kwa hiyo maumivu yatulizwe kwa parasetamoli. Mwenye dawa za presha amwambie daktari ni zipi. Baadhi huchochea uvimbe wa midomo na ulimi, na baadhi hudhoofisha kazi ya adrenalini siku ya dharura.

Pikipiki, ndoo na ulanzi

Dawa peke yake haitoshi kwa mtu ambaye kazi yake ni upepo. Hewa ya nyuzi 8 ikimpiga dereva anayekwenda kilomita 50 kwa saa, kwa hesabu ya baridi ya upepo ngozi iliyo wazi hupoa kana kwamba ni nyuzi 3. Kwa hiyo kinachotakiwa ni kuzuia upepo kwanza, unene wa nguo baadaye. Sweta mbili za sufu juu ya shati hupitisha upepo kama chandarua. Koti moja la nailoni juu ya sweta moja linashinda zote. Mikono iwekewe vifuko vya ngozi au turubai vinavyofungwa kwenye usukani na kufunika breki, na ndani yake glavu nyembamba, ili vidole vibaki na uhuru wa kubana klachi. Mapajani, suruali ya mvua juu ya suruali ya kawaida. Kofia ngumu iwe na kioo cha mbele, na skafu ifunike pua na mdomo, maana midomo na ulimi ndiyo sehemu ambazo uvimbe wake unatisha. Mvua ikinyesha asimame. Nguo iliyolowa ikipigwa na upepo ni sawa na ndoo inayomwagwa polepole.

Kuoga kuna hesabu yake. Njombe maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi kwa sababu ya mwinuko. Lita 3 za maji yaliyochemka zikimiminwa kwenye lita 7 za maji ya nyuzi 12 hutoa ndoo ya lita 10 yenye nyuzi 36, joto la mwili. Atangulize maji baridi ndani ya ndoo, amimine ya moto juu, achanganye, ajaribu kwa kiwiko. Aanze na miguu, kisha mikono, mwisho kifua na kichwa. Afunge dirisha, na ajifute sehemu moja kabla ya kulowesha nyingine, kwa sababu maji yanayokauka mwilini nayo hupoza ngozi. Mlango wa bafu usifungwe kwa komeo mwezi wa Julai. Mtu akianguka ndani, afikiwe.

Asiogelee mtoni wala bwawani. Akishuka pwani, bahari ni ya uvuguvugu zaidi lakini haina uhakika kwa kila mgonjwa: alowe hadi magoti, atoke, asubiri dakika 10, na asiwe peke yake hata siku moja. Vinywaji viwe vya kawaida, si vya friji, na aiskrimu aiache kabisa kwa kuwa mdomo wake umeshawahi kuvimba.

Ulanzi nao utajwe. Vijana wengi wa nyanda za juu hujipasha moto kwa ulanzi, pombe ya mianzi, au pombe kali kabla ya zamu ya usiku. Pombe hufungua mishipa ya ngozi. Mtu anahisi joto huku joto lenyewe linamtoka, na ngozi inapoa haraka zaidi upepo ukimpiga.

Wapo wanaosema auzoeshe mwili kwa kuoga maji baridi kidogo kidogo. Njia hiyo imewahi kufanyika hospitalini chini ya uangalizi. Inaweza kusababisha mshtuko, na ukiruka siku chache unaanza upya. Nyumbani isifanywe.

Karatasi ndani ya kofia

Kalamu ya adrenalini ya kujichoma mwenyewe ni ngumu kupatikana na ni ghali, kwa hiyo mpango ulijengwa juu ya kilichopo. Wenzake wawili kijiweni na mama mwenye nyumba walielezwa la kufanya: kumkausha, kumfunika, kumlaza miguu juu, kutommwagia maji, na kumpeleka kituo cha afya akiwa amelala, kwa bajaji au gari. Dalili za kutosubiri ni sauti kukwama, ulimi kuvimba, kupumua kwa shida, kizunguzungu au tumbo kusokota pamoja na mabaka. Ndani ya kofia yake iligundishwa karatasi iliyofunikwa kwa plastiki: "Nina utikaria ya baridi, nimewahi kupata mshtuko. Adrenalini 0.5 mg msuli wa paja. Dripu iwe ya uvuguvugu. Msinimwagie maji." Karatasi hiyohiyo aionyeshe kabla ya upasuaji wowote, maana chumba cha upasuaji huwa baridi na mgonjwa aliyelala usingizi hawezi kusema anawashwa.

Wiki sita baadaye, akiwa bado anatumia dawa, barafu iliwekwa tena. Dakika 2, hakuna kitu. Dakika 3, hakuna. Dakika 5, wekundu hafifu bila uvimbe. Aliuliza, "Daktari, sasa naweza kuacha?" Jibu lilikuwa hapana, bado. Ugonjwa huu kwa kawaida hudumu miaka kadhaa kabla ya kufifia, na kipimo kile kilionyesha nguvu ya dawa, si kupona. Itakapofika Desemba, joto likiwepo, kipimo cha dawa kipunguzwe hadi kidonge kimoja kwa siku. Mei inayofuata, kabla baridi haijaanza, asimamishe dawa siku 3, aje kituoni alfajiri bila kupanda pikipiki, aletwe na mwenzake kwa bajaji au gari, na barafu isomwe upya kuanzia dakika 1.